Sekunde Nne

Ghorofa ya tano, Ntinda, saa nane za usiku.
Kahawa ya bure, makoti mabegani kwa baridi ya mashine,
na kila mmoja wetu ana sekunde nne
za kuamua ulimwengu uone nini.

Kushoto: Acha. Kulia: Ondoa.
Hakuna kitufe cha Sijui.

Kanuni zilifika kwa barua pepe, kurasa tisini,
kutoka mji ambao sijui hata mvua yake hunyesha lini.
Walizitunga watu nisiowajua
kwa ajili ya vilio wasivyovisikia.

Juzi ilikuja picha ya mama ananyonyesha.
Nikaiondoa. Titi ni titi, kanuni imesema.
Ikafuata ya mtu anayemwita jirani yake mjane mchawi,
akitaja na nyumba, ya tatu baada ya kisima,
kwa Kilugbara, lugha niliyoinyonya.
Mashine ikasoma: lugha haijulikani, hakuna kosa.
Nikamwita msimamizi, Bwana Kiggundu.
"Foleni yako ni ya Kiswahili," akasema.
"Lugha isiyo na foleni haina matusi."

Sijui mjane yule alilala wapi.

Kisha, Jumanne, video kutoka Arua.
Ua ninaoujua. Bati lile la bluu.
Mkeka, na chini ya shuka mguu mmoja.
Shangazi yangu Onzia anaifunua shuka
aonyeshe alivyorudishwa Ezati wake,
yeye waliyemchukua akitembea:
mgongo, mbavu, kifundo cha mkono.
Anataja siku. Anataja saa.
Anasema, Tazameni.

Damu inayoonekana: kulia.
Kidole kiliijua njia kabla yangu.
Moja, mbili, tatu, nne,
na tayari nilikuwa namtazama mbwa aliyevishwa kofia.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Kanuni haijazaa.

Wapo wanaotaka serikali ndiyo iamue.
Barua zake nimeziona pia, zenye muhuri,
zikiomba video hiyohiyo ishushwe kwa ajili ya utulivu.
Zilichelewa. Nilizitangulia kwa siku mbili.
Wapo wanaosema asiguse mtu chochote, neno lijipiganie.
Waende wakamwambie mjane wa kisimani.
Mimi jawabu sina. Nina mshahara wa tarehe ishirini na nane
na ndoto ambazo siwezi kuzibonyeza kulia.

Ila naukumbuka ubao wa matangazo kule Ediofe,
mbao mbili na misumari yenye kutu:
mbuzi aliyepotea, harusi, deni la fulani.
Karatasi ikikukera ulikwenda mwenyewe, mchana,
ukaibandua mbele ya wauza mihogo,
na jioni mtu alibisha hodi kwako kuuliza kwa nini.
Haikuwa haki kila mara. Baba yake Drajiru alibandua
orodha ya wezi wa saruji ya shule,
na jina lake lilikuwa la pili.
Lakini tulijua ni mkono wa nani.

Pasaka nikapanda basi. Karuma, nyani, vumbi la alfajiri.
Shangazi akaniandalia enyasa na mchuzi wa kunde,
akaketi, simu yenye kioo kilichopasuka mapajani.
"Wewe unayefanya kazi kwenye hizo mashine," akasema,
"nisaidie kumpata mtu aliyeifuta.
Sitamtukana. Nataka kumwuliza kitu kimoja tu:
kabla hajaifuta, alimwona?"

Tonge likakataa kushuka.
Kuku wakapita. Nje ya ua mtoto
alikuwa anaita jina la mtu mwingine.

"Alimwona, Shangazi."

Akaigeuza simu, kioo chini.
"Kwa muda gani?"